Vidonge, mshumaa au mashine: kipi kinastahili pesa yako kwa maji ya bomba ya mgao

Maji yanayotoka kwenye mitambo ya Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo huwa yameshatulizwa, yamechujwa na kutiwa klorini. Anayetaka kununua kidonge, chujio au mashine ya maji aanze na hilo, maana wauzaji wengi husema kana kwamba bomba la Dar es Salaam limechovywa moja kwa moja mtoni. Uchafu unaoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu mara nyingi huingia baadaye, kati ya mtambo na kikombe. Bidhaa ya kulipia ni ile inayoziba njia hiyo.

Na njia yenyewe ni nyepesi kuielewa. Bomba likiwa na presha, tundu dogo huvujisha maji kwenda nje. Siku ya mgao presha inaanguka, bomba linabaki na hewa, na tundu lile lile linaanza kuvuta kilichopo nje: maji ya mtaro, tope, majitaka ya shimo lililofurika. Mitaa ambayo polipaipu za nusu inchi zimepitishwa ndani ya mtaro ili kufupisha njia ndiyo yenye hatari zaidi. Anayefunga pampu yake moja kwa moja kwenye laini, badala ya kuacha maji yajae kwanza tankini, anaongeza balaa: pampu inanyonya, na jirani mwenye kiungo kibovu ananyonyewa uchafu kwenye laini. Maji yakirudi, zile ndoo za mwanzo ndizo chafu kuliko zote. Ziache zitoke mpaka yatakate, zipelekwe chooni na kwenye deki, ndipo ukinge ya kunywa.

Baada ya hapo kuna simtanki, ndoo, na kata inayoingizwa kwa mkono. Klorini iliyotiwa mtamboni hupungua kila saa inayopita. Kufika siku ya tatu ndani ya tanki lenye tope chini, mara nyingi haipo tena. Kwa hiyo kila bidhaa hapa chini inapimwa kwa maswali mawili. Je, inaua kilichoingia? Na je, inayalinda maji yakikaa ndooni hadi kesho kutwa? Swali la kwanza linajibiwa na karibu kila kitu sokoni. La pili linawashinda wengi.

Vidonge vya klorini

Aquatabs na WaterGuard ya vidonge ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 67, kwa lita 20 za maji maang'avu. Kikiyeyuka hutoa takribani miligramu 40 za klorini, yaani kama miligramu 2 kwa lita. Hicho ni kiasi cha kutosha kuua bakteria na virusi na kubakisha akiba, na kiko chini ya kikomo cha miligramu 5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Unatia, unakoroga, unafunika, unasubiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, chuja kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne kisha tia vidonge viwili.

Matumizi yasiyo sahihi ni mengi kuliko kasoro za kidonge chenyewe. Kosa la kwanza ni ndoo. Watu wengi wana ndoo ya lita 10, wanakata kidonge katikati, na nusu hazilingani. Ni afadhali kutafuta kile cha miligramu 33. Ukikosa, kidonge kizima ndani ya lita 10 kinafika miligramu 4 kwa lita: bado salama, ila harufu itawafanya watoto wakatae, na maji yasiyonyweka hayamlindi mtu. Kosa la pili ni ndimu. Kuna nyumba zinazokamulia ndimu au kuchanganya juisi mara tu baada ya kutia dawa ili kukata harufu. Vitamini C huimaliza klorini hapo hapo, kabla haijafanya kazi. Subiri nusu saa iishe, chota kwenye jagi, kisha kamulia humo, si ndani ya ndoo.

Kosa la tatu ni dukani. Kidonge kisichoharibika hutoa povu na kuyeyuka ndani ya dakika chache. Kilichovimba, kilichogeuka rangi au kinachomomonyoka ukibonyeza karatasi yake kimeshaingia unyevu. Usinunue vilivyokatwakatwa hadi karatasi ikafunguka, wala vilivyoanikwa juani kwenye meza. Vilevile kuna kidonge kikubwa cha gramu 8.68, kilichotengenezwa kwa matangi. Hicho hutoa kama gramu 5 za klorini, kinachotosha lita 2,500 kwa kipimo cha kawaida. Kikitiwa kwenye ndoo ni sumu, hakuna mjadala.

Familia ya watu watano inayokunywa lita 12 hivi kwa siku hutumia kidonge kimoja kwa zaidi kidogo ya siku moja na nusu. Ukanda wa vidonge kumi unafika wiki mbili. Ni bidhaa chache katika orodha hii zinazokaribia hapo kwa gharama, na hii inajibu maswali yote mawili. Upungufu wake wa kweli ni mmoja: kriptosporidia, kijidudu chenye ganda gumu kinachotoka kwenye kinyesi cha watu na ng'ombe, hakijali klorini ya kipimo hiki. Nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu iongeze chujio au kuchemsha.

Dawa ya maji ya chupa

WaterGuard ya maji ni dawa ile ile kwa umbo jingine. Chupa ya Kenya ya mililita 150 ina klorini ya asilimia 1.2, na kifuniko kimoja cha mililita 3 kinatosha lita 20. Hesabu inakuja karibu sawa na kidonge, miligramu 1.8 kwa lita. Tatizo ni joto. Klorini ya maji hufa taratibu chupani, na haraka zaidi ikikaa juu ya kabati karibu na dirisha au jirani ya jiko. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu inaweza kunuka klorini na bado ikawa haina nguvu ya kutosha. Kwa Pwani, ambako ndani ya nyumba kuna joto mwaka mzima, kidonge kinaishinda. Na kama mtu anafikiria kutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe badala yake, ajue kwamba ile yenye manukato haifai kabisa kwa kunywa.

Pakiti ya unga

Pakiti ya gramu 4 ya kampuni ya P&G, ambayo Kenya ilizoeleka kwa jina la PUR, imetengenezwa kwa maji machafu kweli kweli: mto wakati wa masika, bwawa, au bomba lililorudi likiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake mna salfeti ya chuma inayoshikamanisha tope, pamoja na klorini. Kwa lita 10 unakoroga kwa nguvu dakika 5, unaacha dakika 5 mabonge yatulie, unamimina kupitia kitambaa kizito cha pamba kwenda ndoo ya pili, unasubiri dakika 20. Ukiona maji bado yana rangi baada ya kutulia, korogo halikutosha; rudia kabla ya kuchuja. Lile tope litupwe chooni, mbali na watoto na mifugo.

Inafanya kazi vizuri sana. Ila inataka ndoo mbili, kitambaa, kijiti na mtu mwenye subira, na baada ya yote hayo una lita 10 tu. Iwekwe akiba kwa siku za mafuriko. Kwa maji ya bomba ya kila siku ni kazi bure. Shabu ya sokoni nayo hutuliza tope vizuri na ni rahisi kupata, mbegu za mlonge zilizotwangwa pia, lakini vyote viwili havibakishi kinga yoyote. Maji yaliyong'aa kwa shabu bado yanahitaji kidonge, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa na macho.

Chujio la mshumaa

Ule mtungi wa vyumba viwili, wa bati lisiloshika kutu au plastiki, wenye mishumaa ya seramiki juu na koki chini, umekaa kwenye meza za nyumba za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mshumaa mzuri huzuia tope, mayai ya minyoo, giardia (kijidudu kingine cha kuhara), kriptosporidia na sehemu kubwa ya bakteria. Virusi hupita. Na hauachi kinga: maji ya chumba cha chini yakikaa siku mbili na koki imeguswa na mikono michafu, umerudi ulikotoka.

Mishumaa mingi huharibika kwa utunzaji, si kwa umri. Utelezi ukiziba, maji yanadondoka polepole, na mwenye nyumba anaingia na steeliwaya na sabuni. Steeliwaya hula seramiki, sabuni hunywewa ndani na kutoka na maji kwa siku kadhaa. Tumia brashi laini na maji safi tu, chini ya maji yanayotiririka, ukishika mshumaa usigonge pembeni. Ufa mwembamba kama unywele hauonekani mshumaa ukiwa mkavu. Uloweshe, tazama mstari unaolowa kuliko sehemu nyingine. Ishara nyingine ni kasi: mshumaa uliokuwa unajaza chumba cha chini kwa usiku kucha ghafla unakijaza kwa saa mbili. Watu hufurahi. Hiyo ni ishara kwamba umepasuka, au maji yanapita pembeni mwa washa ya mpira iliyokakamaa chini ya nati. Fungua, badilisha washa, kaza kwa mkono bila koleo, maana koleo ndilo linalopasua shingo ya mshumaa.

Kuhusu utaratibu wa kuchemsha kwanza kisha kuchuja: umepinduka. Maji yaliyochemshwa yana usalama kamili yakiwa bado sufuriani, kisha yanapitishwa kwenye mshumaa ambao huenda una utelezi wa wiki mbili. Chuja kwanza, chemsha baadaye. Au chuja, kisha tia kidonge kwenye chumba cha chini. Tahadhari ni kutotia klorini chumba cha juu kwa mishumaa yenye mkaa ndani, kwa sababu mkaa unaila yote.

Vyungu vya udongo vinavyochomwa pamoja na pumba za mpunga au unga wa mbao, kisha kupakwa madini ya fedha, hufanya kazi kwa namna ile ile. Hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa kikiwa kimejaa. Huvunjika kirahisi wakati wa kusafirisha. Tofauti kubwa na mshumaa ni kwamba ukipata ufa unabadilisha chungu kizima.

Kuchemsha

Hakuna chapa, lakini ndiyo huduma inayotumiwa zaidi, kwa hiyo nayo ipimwe. Maji yakishachemka kwa mapovu makubwa kwa dakika moja, kila kijidudu cha kuhara kimekufa. Nyanda za juu kupita mita 2,000, kama Kitulo, ongeza hadi dakika tatu. Kuyaacha yachemke robo saa ni kuchoma gesi. Gharama ya mkaa au gesi kwa lita 12 kila siku inapita ya kidonge mara nyingi, na hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi zinachemsha leo na kuacha kesho. Na swali la pili halijajibiwa: sufuria inapoa bila mfuniko, kikombe kinaingia, mkono unaingia.

Kwa maji ya kisima cha chumvi kuchemsha hakuondoi chumvi wala naitreti, kemikali inayotokana na majitaka na mbolea. Kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na vile vinabaki. Naitreti kupita miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa, na visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka shimo la choo ndivyo vya kushukiwa.

Mashine za RO na taa za UV

Hapa pesa nyingi hupotea. RO ni mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana baada ya vichujio vya tope na mkaa. Inaondoa chumvi, naitreti, floraidi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi), pamoja na vijidudu. Kwa kisima cha chumvi hakuna mbadala wa nyumbani unaoikaribia. Kwa maji ya Ruvu yaliyo baridi kwa ulimi na hayana chumvi, unanunua bunduki ya tembo kumwinda panya. Kila lita moja unayokunywa inamwaga lita mbili hadi nne, na jiji lenye mgao halina maji ya kumwaga, labda uyakinge kwa ajili ya deki. Presha ya bomba ikiwa ndogo inadai pampu yake. Chuma kwenye maji huziba utando. Kichujio cha tope cha mikroni 5 katika nyumba yenye maji mekundu hakifiki muda ulioandikwa kwenye kitabu.

Muuzaji akija na kidude chenye vyuma viwili anachokichomeka kwenye umeme, maji ya bomba yako yanageuka kahawia yenye mapovu ya kutisha na maji ya mashine yake yanabaki meupe, mwache amalize kisha mwombe atie chumvi kidogo kwenye glasi yake. Yatageuka kahawia vilevile. Ile rangi ni kutu ya vyuma vyake, umeme umepita kwa sababu maji yana madini ya kawaida. Kipimo cha TDS nacho kinahesabu madini yaliyoyeyuka. Hakioni bakteria hata mmoja. Maji ya mtaro yanaweza kusoma chini kuliko maji mazuri ya chemchemi.

Taa za UV, yaani za mwanga wa urujuanimno, zinaua vijidudu vizuri maji yakiwa maang'avu na umeme upo. Taa hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka bluu, kwa sababu mwanga wa kuua hufifia kabla ya ule unaoonekana. Haiachi kinga.

Wenzetu wa Arusha na maeneo ya chini ya Meru wana jambo lao: floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo huko vinakipita mara nyingi. Kidonge, mshumaa na jiko havigusi floraidi. Huko ndiko mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa, unaonasa floraidi na uliofanyiwa kazi kwa miaka katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, una maana, pamoja na chujio la mchanga lenye chembe za nano, yaani ndogo mno, la Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015.

Vipimo vya kununua

Kabla ya kitu chochote cha gharama, tafuta vidonge vya kupimia klorini (si vya kunywa) viitwavyo DPD namba 1 na kikopo chake cha rangi. Tia kwenye maji: waridi likitokea, klorini huru ipo, na ukali wa rangi ndio kiasi chake. Bombani unatafuta angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ndooni, nusu saa baada ya kidonge, isipite 2, na siku ya pili isishuke chini ya 0.2. Ile dawa ya matone inayotoa rangi ya njano, ya mabwawa ya kuogelea, huhesabu klorini yote hata iliyokwisha kushikana na amonia na kudhoofika, hivyo inakupa matumaini ya uongo. Ukishatia kidonge na DPD ikabaki nyeupe, kitu fulani kinaila klorini: tope, chuma, au majitaka. Kwa kisima chenye chuma maji hugeuka kahawia baada ya kidonge. Yaache yatulie, yachuje, tia tena. Tanki jipya la saruji nalo huyafanya maji kuwa na magadi, na klorini inazubaa humo.

Kwa bakteria wenyewe kuna kichupa cha salfidi ya haidrojeni. Unajaza, unaacha kwenye joto la chumba hadi siku mbili, kikiwa cheusi maji yana uchafu wa kinyesi. Kwa maji ya kisima yanayonuka yai viza kitadanganya, kwa sababu gesi hiyo hiyo tayari imo.

Simtanki lisafishwe kabla ya kulaumu dawa. Kwangua utelezi, toa tope, jaza robo, tia unga wa klorini wa asilimia 50 hadi 70 gramu 80 kwa kila lita 1,000 za tanki zima, jaza lote, acha saa 24, mwaga mahali pasipo bustani wala samaki, suuza. Soma jina kwenye kopo: unaotakiwa ni haipokloraiti ya kalsiamu tupu, si ule wa bwawa uliochanganywa na dawa ya kuua mwani.

Kwa nyumba ya Dar yenye bomba na mgao, basi, nunua vidonge vya 67 na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki. Maji yenu yakija na ukungu mara kwa mara ongeza mtungi wa mishumaa. RO iachwe kwa mwenye kisima cha chumvi. Na kwenye ndoo usibane matumizi: chagua yenye koki ya kuzungusha iliyofungwa kwa washa mbili, moja ndani na moja nje. Ile yenye washa moja hudondosha ndani ya mwezi, mtu anaichomoa koki, anaziba tundu kwa kitambaa, na kata inarudi ndani ya maji.